Sahani Iliyorudi Tupu

Kufika siku ya nne ya likizo yetu ya pwani, Ras el-Bar, nilikuwa nimeshalichukia neno "unakumbuka" kuliko neno lolote alilopewa mwanadamu kutamka.

"Wagdi, unakumbuka mwaka ule wimbi lilipoondoka na suruali yako?"

"Acha hayo, Shahinaz."

"Niache vipi? Unakumbuka ulivyorudi umejifunga taulo la mama yangu, lile la maua ya waridi, na marehemu baba yako akasimama katikati ya barabara akakupigia saluti? 'Karibu nyumbani, bibi harusi!'"

Baraza zima likaangua kicheko. Hajja Esmati, mama yake Wagdi, alijipiga paja mpaka bangili zikalia. Wagdi alicheka kwa ile namna yake ya kuinamisha kichwa na kufunika macho kwa kiganja, namna niliyoipenda tangu siku ya kwanza nilipoingia katika duka lake la dawa kule Mansura kumtafutia mama dawa ya presha. Kicheko kile nilidhani ni changu. Kumbe kilikuwa na wenyewe.

Mama yangu, aliyekaa kando yangu, alicheka kwa adabu. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma, huku nikiizungusha pete ya uchumba katika kidole cha mkono wa kulia. Pete ilikuwa na miezi mitatu. Taulo la maua ya waridi lilikuwa na miaka kumi na minane.

Vibanda vile, tunaviita vibanda ingawa siku hizi ni vya matofali na vina umeme, vilishikana ukuta kwa ukuta. Upande huu kina Wagdi, upande ule Shahinaz na mama yake, na kati ya baraza mbili ukingo wa mbao ambao hata mtoto angeuruka. Kila kiangazi familia mbili zilifika wiki ile ile ya Julai, zikafungua madirisha siku ile ile. Viangazi ishirini na viwili. Mimi nilialikwa pamoja na mama yangu kwa wiki moja, kama heshima kwa mchumba, na baba alibaki kwetu Mahalla kwa kuwa mitambo ya kufuma nguo haikumpa ruhusa.

Shahinaz hakunishinda kwa sura. Mungu anisamehe, jambo hilo nililipima siku ya kwanza kabla hata sijavua viatu. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, miaka ishirini na tisa, mrefu, mtandio wake hautulii kichwani na sauti yake nzito ya mtu anayecheka sana. Lakini alikuwa na kitu ambacho mimi nisingeweza kukipata hata nikiomba usiku kucha. Alimjua Wagdi kabla hajaota ndevu. Alimwita Bata, kwa kuwa alijifunza kuogelea kama bata, kichwa juu na miguu ikihangaika. Mimi nilikuwa bado namwita Daktari Wagdi mbele ya watu.

Siku hiyo niliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Nilisali, kisha mimi na mama tukakaa jikoni tukatengeneza mahashi, majani ya mizabibu na mamumunye madogo tuliyoyajaza wali na kotimiri. Nilikunja majani membamba kama kidole changu kidogo, moja baada ya jingine, na katika kila jani niliweka dua. Mchana nikaipakua sufuria mezani.

"Mashallah," alisema Hajja Esmati. "Mikono ya Mahalla hii!"

Wagdi alichukua matatu, akaniangalia kwa jicho lile linalosema maneno ambayo mdomo hauwezi kuyasema mbele ya wazazi. Moyo wangu ukatulia. Kwa muda wa kumeza matonge mawili nilikuwa mwanamke mwenye bahati kuliko wote katika pwani ile.

Kisha ukingo ukagongwa.

"Bata! Kuna kitu kinakutafuta!"

Shahinaz alikuwa ameshika kwa mikono miwili sahani kubwa nyeupe yenye ukingo wa buluu. Wali wa samaki, ule wa vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa na rangi ya kahawa, harufu yake ikafika mezani kabla yake. Wagdi aliinuka. Sijui kama alijua ameinuka.

"Usiniambie umepika wewe."

"Nani mwingine? Kula kwanza, utukane baadaye."

Alikula. Alifumba macho. Mahashi yangu yakabaki yamelala katika sahani yake, mawili na nusu.

"Wallahi, mkono wa Shahinaz kwa samaki hauna mwenzake," alisema Hajja. "Rababu, mwanangu, kabla hujaolewa ukae naye akufundishe."

"Inshallah, Hajja," nikajibu, na sauti yangu ikatoka tamu kiasi cha kunitisha mwenyewe.

Baada ya chakula nikaosha vyombo. Mama alisimama mlangoni, macho yamelegea kwa usingizi wa mchana.

"Hiyo sahani ya jirani usiirudishe hivi hivi. Weka mahashi, uyapange vizuri."

"Sawa, mama."

"Na uipeleke mwenyewe. Wakuone."

Akaenda kulala. Na naapa niliyapanga. Niliyapanga kama miali ya jua, majani pembeni, mamumunye katikati, na kipande cha limau juu yake. Nilikuwa nafuta ukingo wa sahani nilipowasikia nje, dirishani, Wagdi huku na Shahinaz kule, ukingo wa mbao katikati yao.

"Unakumbuka ulivyonioa chini ya meza hii?"

"Nilikuwa na miaka saba!"

"Kwa kifuniko cha soda! Kikaninasa kidoleni, baba yako akakitoa kwa mafuta ya kupikia. Mpaka leo sijapewa talaka yangu, bwana wee."

Wakacheka.

Nikasimama pale jikoni. Nikaiangalia ile sahani. Kisha nikayarudisha mahashi katika sufuria, moja moja, bila haraka, pamoja na kile kipande cha limau. Nikaiosha sahani mara ya pili. Nikaifuta kwa kitambaa kikavu mpaka nikaona kivuli cha uso wangu ndani yake. Kisha nikazunguka kwa mlango wa mbele, nikabisha.

Alifungua mama yake Shahinaz, mwanamke mnene mwenye uso wa kupenda watu.

"Karibu, karibu! Bibi harusi wetu!"

"Nimeleta sahani yenu."

Aliipokea kwa mikono miwili. Mikono yake ilijiandaa kubeba uzito, na kwa kuwa uzito haukuwapo, ikapaa juu kidogo, kama mtu anayekosa ngazi. Akaangalia ndani ya sahani. Akaniangalia mimi. Akaiangalia tena sahani.

"Mmeshiba?" aliuliza polepole.

"Tumeshiba."

"Alhamdulillahi."

Mlango ulifungwa taratibu sana. Nilirudi nikiwa na furaha ya mtu aliyetupa jiwe na kusikia limegonga. Furaha ile haikufika hata jikoni.

Kila siku baada ya sala ya alasiri viti vya baraza mbili vilisogezwa mpaka ukingoni, chai ikamiminwa huku na kule, na hakuna aliyejua kikombe kipi ni cha nani. Siku ile viti vya upande wa pili vilikuwa vimeegemezwa ukutani. Hajja Esmati akaita:

"Mama Shahinaz! Chai inapoa!"

Sauti ikatoka ndani, baridi kama maji ya mtungi:

"Kunyweni kwa afya, mwenzangu. Sisi leo tumeambiwa watu wameshiba."

Birika lilibaki limeinama mkononi mwa Hajja. Miaka yote ile hakuwahi kuitwa "mwenzangu", kama mtu wasiyemjua jina, kutoka nyumba ile. Aligeuka, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani alirudisha sahani?"

"Mimi, Hajja," nikasema.

"Ilikuwa na nini?"

Bahari ilikuwa inavuma. Muuza biskuti za asali alipita akipiga kengele yake. Natamani angekaa pale akapiga kengele mpaka Kiyama.

"Rababu," mama yangu aliniita kwa sauti ndogo. "Umeulizwa. Ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu."

Mama aliweka mkono kifuani. Mwanamke yule alinilea katika vyumba viwili vya nyumba za wafanyakazi. Kuna miezi tulikula dengu tupu, lakini hata miezi hiyo sahani ya jirani haikutoka kwetu bila kitu. Kama hakuna chakula, iliwekwa chumvi. Kama hakuna chumvi, liliwekwa ua la mlangoni.

"Umenivua nguo, mwanangu," alisema. "Barabarani. Mchana kweupe."

Hajja Esmati hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele.

"Jeneza la mume wangu lilitoka katika mlango huu," alisema. "Aliyenishika nisianguke ni mama Shahinaz. Aliyepika siku arobaini ni mama Shahinaz. Binti huyu ana siku nne tu hapa, na katika siku nne amevunja kilichojengwa miaka ishirini na miwili. Nikimpa nyumba ya mwanangu mwaka mzima, atabakisha nini?"

"Mama..." alianza Wagdi.

"Wewe nyamaza." Akamgeukia mama yangu. "Mama Rababu, wewe nakuheshimu, na Mungu anajua. Kesho baada ya chakula cha asubuhi tukae mimi na wewe, tuzungumze habari ya pete hii."

Mama aliinuka, akaingia chumbani, nikasikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni.

Nilikuwa sijasali alasiri. Nikatandika mswala katika pembe ya chumba, mama akikunja nguo nyuma yangu. Sijui nilisali rakaa tatu au tano. Nilisujudu sijda ya kusahau, na katika sijda ile nikashindwa kuinuka. Ya Rabbi, nilisema, sikuomba mengi. Niliomba pawe na jambo moja tu la Wagdi ambalo mimi nalijua na yeye Shahinaz halijui. Badala yake nimepata aibu, nayo ni yangu peke yangu.

Wagdi alimwomba mama ruhusa tutembee mpaka Ulimini, pale Mto Naili unapoishia na bahari inapoanza. Mama alikubali kwa sharti la kuja nyuma yetu. Tulipofika akaketi kwenye benchi, akatupa mgongo. Jua lilikuwa bado juu. Watoto walikodi baiskeli wakapita wakipiga kelele, na maji ya rangi mbili yalikutana mbele yetu.

"Kwa nini?" aliuliza Wagdi.

"Acha niulize mimi kwanza. Mlioana chini ya meza, sivyo?"

"Rababu! Kifuniko cha soda!"

"Na juu ya meza? Mama yako hakuwahi kumtaka awe mke wako?"

Nilikuwa nimeuliza kwa hasira tu, nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Miaka mitatu iliyopita," alisema mwishowe. "Mama alipeleka posa."

Nikashika ukuta wa mawe.

"Na?"

"Alikataa."

"Alikataa yeye! Si wewe!" Nilicheka, na kicheko changu kikawa kibaya. "Basi mimi ni mahashi yaliyobaki kwenye sahani. Umekosa samaki ukanila mimi."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Wewe ukiwa naye una macho ambayo kwangu huna. Ukila wali wake unafumba macho. Ukisikia hadithi zake unacheka mpaka machozi. Mimi nikikaa pale nakuwa kama abiria aliyepanda basi la watu wengine."

"Unajua kwa nini nafumba macho?"

"Sitaki kujua."

"Utajua, kwa sababu umenitukania kitu usichokijua." Akageukia maji. "Wali ule alikuwa akipika baba. Alimfundisha Shahinaz, kwa kuwa mimi na mama hatukuwa na subira ya kukaanga vitunguu saa nzima. Wewe hukumwona baba yangu, Rababu. Hukusikia sauti yake. Mama akimtaja analia, kwa hiyo nyumbani hatumtaji. Mahali pekee ambapo baba yangu anatembea, anapiga saluti, anatoa kifuniko cha soda kidoleni kwa mafuta, ni katika kinywa cha Shahinaz. Akisema 'unakumbuka,' mimi namwona baba. Simwoni yeye."

Nilimtazama. Upepo ulikuwa umemjaza nywele machoni na hakuzitoa. Nilitamani kuzitoa kwa mkono wangu, na mkono wangu haukuwa na haki hiyo, na kesho pengine usingekuwa na hata pete.

"Na mimi?" nikauliza polepole. "Mimi unaponiona, unamwona nani?"

"Nakuona wewe. Ndiyo maana naogopa. Kwa Shahinaz sina cha kupoteza, alishanikataa nikalala usingizi mzuri siku ile ile. Kesho mama akikuvua pete hiyo, mimi sijui nitalala lini."

Mama alikohoa kwenye benchi, tukarudi, hatua tatu kati yetu, na kila hatua nilihisi joto la bega lake kama jiko lililo chumba cha pili.

Asubuhi, baada ya alfajiri, mama alikuwa anafunga kamba ya sanduku.

"Mama, nakwenda kwa jirani."

"Na nini mkononi?"

"Sina kitu. Nikienda na sahani iliyojaa nitakuwa nawalazimisha waijibu. Nitakwenda nilivyo."

Akanirekebisha mtandio, kama alivyofanya siku yangu ya kwanza ya shule.

"Nenda. Na Mungu akutangulie."

Mama Shahinaz alikuwa amekaa barazani kwake, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe. Hakuinua kichwa.

"Assalamu alaikum, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Waalaikum salaam." Jiwe moja likatupwa. "Radhi ya nini, mwanangu? Labda ulisahau. Wasichana wa siku hizi mna mambo mengi kichwani."

Alinifungulia mlango. Ningeweza kupita. Ningesema ndiyo, mama, nilisahau, nikambusu kichwani, pete ikabaki, sanduku likafunguliwa. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kulitamka neno. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye mswala saa ileile, na paji la uso wangu lilikuwa bado na alama ya mkeka.

"Sikusahau," nikasema. "Niliijaza. Niliipanga vizuri sana. Kisha nikayatoa mahashi, moja moja, nikaiosha tena. Nilikusudia, mama. Nilitaka iwaumize."

Vidole vyake vikasimama katika mchele.

"Kwa nini?"

"Wivu."

Ndani kitu kilianguka jikoni. Shahinaz akatokea mlangoni, mikono imelowa, mtandio shingoni.

"Wivu na nani? Na mimi? Kwa ajili ya *Bata*?"

Machozi yakanijibia.

"Ewe dada, sikiliza," alisema. "Mwanamume yule nilimwona kwa macho yangu ameumwa na yavuyavu baharini, analia, anamwita mama yangu si mama yake. Nimemfuta kamasi. Nimemfundisha kufunga kamba za viatu. Unaolewaje na mtu kama huyo? Walipoleta posa nilicheka mpaka nikaona haya."

"Alicheka kweli," alisema mama yake. "Mpaka nikampiga kandambili."

Nilitaka kucheka pia, lakini Shahinaz alikuwa ameacha kucheka. Alikaa kwenye ngazi, akajifuta mikono kwa gauni.

"Ila nilizidisha," alisema, akiangalia baharini. "Kila nilipoiona pete yako nikasema 'unakumbuka.' Sikuweza kujizuia. Nilijua kiangazi kijacho kile kiti cha karibu na ukingo kitakuwa chako. Halafu watakuja watoto, na watasimuliwa mambo yako na yake. Na mimi nitakuwa nani hapa? Yule mama wa jirani asiyeolewa, anayegonga ukingo na sahani ya samaki." Akanitazama. "Mimi nina viangazi vilivyopita. Wewe unavyo vyote vinavyokuja. Unanionea wivu wa nini?"

Nilikaa ngazini kando yake, bega kwa bega, nikamshika mkono uliolowa. Tukalia kidogo, kila mmoja kwa lake.

"Inatosha, mchele wangu utalowa," alisema mama Shahinaz. Akavuta pumzi, akapaza sauti kuelekea ukutani. "Mama Wagdi! Wewe, Esmati! Toka, najua umesimama nyuma ya pazia!"

Pazia likatikisika. Hajja Esmati akatoka, uso bado umekaza, mama yangu nyuma yake, na Wagdi nyuma ya wote, hajanyoa, macho mekundu.

"Binti yako huyu amenikosea," alisema mama Shahinaz. "Nimempa uongo mzuri kabisa autumie, ameukataa. Amenieleza kosa lake bila kulifunika. Sasa niambie wewe. Sufuria yangu ya shaba niliyokuazima mwaka wa mafuriko, mwaka wa ngapi huu unaniambia imeibwa na paka?"

Hajja Esmati alimtupia jicho Wagdi.

"Mbele ya watoto, Sania?"

"Mbele ya watoto! Paka gani anaiba sufuria ya kilo nne?"

"Iliungua," alisema Hajja, karibu na kunong'ona. "Niliiunguza. Niliizika mchangani."

Mama Shahinaz alianza kutikisika kwanza tumbo, kisha mabega, na kicheko kikatoka kama birika linalofurika. Hajja alijizuia, alijizuia, kisha akashindwa, akaegemea ukingo akilia kwa kucheka. Alipopata pumzi alimgeukia mama yangu.

"Mama Rababu," alisema, "wasafiri wengine hawajui kufunga masanduku. Lile lako limefungwa vibaya. Lifungue."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Ful, maharage ya moto yaliyopondwa, ikaletwa, mikate, jibini nyeupe, nyanya. Viti vikaburutwa mpaka ukingoni. Nilikuwa bado naona haya, namega vipande vidogo, ndipo mama Shahinaz akanisukuma kwa kiwiko.

"Haya wewe. Siku zote tunakusimulia ya kwetu. Nyinyi mlikuwa mnakwenda wapi viangazi?"

"Sisi?" Nikamwangalia mama. "Sisi tulikuja hapa hapa. Kwa siku moja. Mabasi ya kiwanda."

"Siku moja inatosha kuwa na hadithi. Sema."

Basi nikasema. Mabasi yalivyoondoka Mahalla baada ya alfajiri, wanawake wakipiga ngoma kwenye viti vya nyuma, sufuria zimefungwa mablanketi zisipoe. Baba alivyoingia majini na soksi, kwa kuwa aliona haya na miguu yake. Mwaka niliokuwa na miaka tisa nikapotea. Nilimfuata muuza maputo, nikageuka, sikumwona mtu wangu hata mmoja.

"Ya Salaam!" alisema Hajja.

"Mchanga ulikuwa unawaka, nami sina viatu. Nikasimama pale nalia. Akaja Sobhi, mtoto wa msimamizi wa mitambo, alikuwa na miaka kumi na miwili. Akanibeba mgongoni. Akatembea ufuo mzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, anapiga kelele, 'Rababu amepatikana! Rababu amepatikana!' Alipomfikia mama, nyayo zake zilikuwa malengelenge matupu."

"Na mwaka uliofuata," akadakia mama, "alikuja na jozi mbili za ndara. Nikamuuliza, za nini? Akasema, 'Moja yangu na moja ya Rababu. Huenda akapotea tena.'"

"Aaah!" walisema wanawake wote watatu kwa pamoja. Shahinaz aliweka mkono moyoni.

Upande wa pili wa ukingo kijiko kiliwekwa mezani kwa sauti.

"Sobhi gani huyo?" aliuliza Wagdi.

Tukageuka. Alikuwa amekunja uso, kikombe mkononi, chai haijaguswa.

"Sobhi tu," nikasema. "Wa kiwandani."

"Hukuwahi kuniambia habari za Sobhi."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Na yuko wapi siku hizi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya asizotaka kununua.

Shahinaz alinipiga teke chini ya meza. Mama yangu, ambaye kwa siku nne alikuwa amecheka kwa adabu tu, alijibu kabla yangu.

"Yupo pale pale Mahalla. Mtaa wa pili kutoka kwetu. Kijana mzuri, mashallah. Bado hajaoa."

Wagdi aliweka kikombe chini. Akaruka ule ukingo kwa mguu mmoja, akavuta kiti, akakibana kati ya changu na cha Shahinaz mpaka ikabidi Shahinaz asogee. Bega lake likagusa bega langu mbele ya Hajja, mbele ya mama, mbele ya bahari nzima, na hakuna aliyemkemea.

"Endelea," alisema. "Alikubeba mpaka wapi hasa?"

Nilimega mkate, nikachovya katika ful. Mungu anisamehe, nilitafuna polepole sana kabla ya kumjibu.